Mawazo mengi, mafua kila mara: mwongozo wa kutunza akili ili mwili uweze kupambana na virusi

Maswali ni yale yale. Mwanafunzi anauliza kwa nini mtihani ukikaribia mafua hayamtoki. Mama aliyefiwa anauliza kwa nini tangu matanga yaishe hajamaliza wiki mbili bila kukohoa. Dereva wa lori ametokewa na mkanda wa jeshi, majirani wamemwambia ni mawazo, naye anataka kujua kama ni kweli. Na karibu wote huishia hapo hapo: ninunue vitamini gani?

Jibu la swali la mwisho ni rahisi. Usianze na vitamini. Anza na usingizi, kisha watu walio karibu nawe, kisha lile jambo ambalo limekukaa rohoni zaidi ya mwezi mmoja. Mwongozo huu unakupitisha humo hatua kwa hatua, kwa wiki nne.

Kwanza, nadharia kidogo

Mawazo hayazalishi virusi. Usipokutana na virusi vya mafua hutaugua mafua, hata ukilia mwaka mzima. Kinachobadilika ni namna mwili unavyovipokea vikishaingia.

Hili limepimwa. Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, kulikuwa na kituo cha utafiti wa mafua kilichofanya kazi kuanzia 1946 hadi 1990. Watu wazima wenye afya walijitolea kwenda kukaa pale na kutiwa puani matone yenye virusi. (Kituo hicho hicho ndicho kilichokuza virusi vya korona vya binadamu miaka ya 1960, wakati dunia haikuwa na habari navyo.) Katika utafiti uliochapishwa 1991, mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake waliwapima watu 394 kiwango cha msongo wa mawazo, ndipo wakawatia virusi. Kati ya waliokuwa na msongo mdogo kabisa, takriban 27 katika kila 100 waliugua mafua. Kati ya waliokuwa na msongo mkubwa kabisa waliugua takriban 47. Kwa hiyo msongo unaongeza hatari, na bado zaidi ya nusu ya waliolemewa kabisa hawakuugua. Shika yote mawili. Atakayekuambia kila ugonjwa ni mawazo anakudanganya sawasawa na atakayekuambia mawazo hayana lolote.

Kwa nini iwe hivyo? Ukiwa na msongo, mwili humwaga homoni ya kotisoli, ambayo moja ya kazi zake ni kuutuliza mchochota, yaani ule uvimbe na joto ambavyo kinga hutumia kupigana. Ikimwagwa siku nyingi mfululizo inakuwa kama mzazi anayefoka kutwa: watoto wanazoea, hawamsikii tena. Seli za kinga zinaacha kuitii, mchochota unapita kiasi, na huo mchochota ndio unaokuletea kamasi, pua kuziba na koo kuwasha.

Nadharia imetosha.

Unachohitaji

- Daftari na kalamu. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, lakini hatua ya 3 itakuonyesha kwa nini napendelea karatasi.
- Saa ya kengele ya mezani, hata ile ya bei ya chini kabisa.
- Mtu mmoja unayeweza kumwambia "leo siko sawa" bila yeye kukucheka wala kukuhubiria.
- Wiki nne. Chini ya hapo hutaona kitu, maana mafua yenyewe hayaji kila wiki.

Hatua ya 1: Kapime kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye hatari. Kabla ya kusema "ni mawazo tu", hakikisha si kitu kingine. Homa inayokuja na kuondoka inahitaji kipimo cha malaria. Kikohozi kilichopita wiki 2, hasa kikiambatana na kukonda au kutokwa jasho usiku, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Ukiugua mara kwa mara pima pia sukari na VVU. Hayo yote hushusha kinga, na hakuna hata moja linaloondoka kwa kulala mapema.

Sasa yule dereva. Mkanda wa jeshi husababishwa na virusi vya tetekuwanga. Ukiugua tetekuwanga utotoni, virusi vyake haviondoki. Vinajificha kwenye mishipa ya fahamu na kungoja miaka. Kinga ikilegea, vinaamka na kushuka na mshipa mmoja, ndiyo maana upele unajipanga upande mmoja wa mwili kama mkanda. Msongo unaweza kuwa mmoja wa vichocheo, lakini umri mkubwa na kinga iliyoshuka ndiyo mambo mazito. Ukiupata ukiwa bado kijana, nenda ukapime VVU, bila aibu na bila kujihukumu kabla ya majibu. Na usikae nyumbani ukipaka majivu au dawa ya meno: dawa ya aciclovir husaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 tangu upele utokee. Upele ukiwa usoni karibu na jicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Hatua ya 2: Andika wiki nzima bila kubadilisha chochote

Kila siku kabla ya kulala andika: ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, roho yako ilikuwaje, kwa kipimo cha 0 hadi 10, uliongea na nani ana kwa ana, dalili yoyote ya mwili, pombe, sigara au mirungi uliyotumia. Mstari mmoja wa kila kimoja. Ukianza kuandika insha utaacha siku ya tatu.

Mwisho wa wiki orodhesha mambo yanayokusumbua, kisha uyagawe mafungu mawili: yaliyoanza ndani ya mwezi huu, na yaliyozidi mwezi. Mgawanyo huu hautoki kichwani mwangu. Mwaka 1998 Cohen na wenzake, safari hii wakiwa Pittsburgh, Marekani, waliwahoji watu 276 kwa kina kabla ya kuwatia virusi. Mambo makali yaliyodumu chini ya mwezi mmoja hayakuongeza hatari ya mafua. Yaliyodumu mwezi au zaidi yaliongeza, na yaliyoongoza yalikuwa kukosa kazi na ugomvi usiokwisha na watu wa karibu.

Kwa hiyo ile jeuri ya bosi Jumatatu, foleni, simu iliyoibwa: vinauma, lakini si hivyo vitakavyokulaza kitandani. Angalia fungu la pili. Chagua jambo moja tu humo.

Hatua ya 3: Tengeneza usingizi

Ningeambiwa nibakize hatua moja tu, ningebakiza hii.

Mwaka 2009 watu 153 walifuatiliwa usingizi wao kwa wiki mbili, kisha wakatiwa virusi vya mafua. Waliokuwa wakilala chini ya muda wa saa 7 waliugua karibu mara tatu zaidi ya waliolala saa 8 au zaidi. Utafiti wa 2015 haukutegemea maneno ya mtu. Usingizi ulipimwa kwa kifaa cha kuvaa mkononi. Waliolala chini ya saa 6 walikuwa na hatari zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Sijui vitamini ya dukani inayokaribia namba hizo.

Fanya hivi:

1. Chagua saa ya kuamka, uishike siku zote 7, Jumapili ikiwemo. Saa ya kulala itajipanga yenyewe baada ya siku kadhaa. Wengi huanza na saa ya kulala, wanajilazimisha kitandani saa 3 usiku, wanagaagaa, kisha wanasema imeshindikana.
2. Simu ilale nje ya chandarua, ikiwezekana nje ya chumba. Ndiyo kazi ya ile saa ya kengele. Utasema simu ndiyo tochi yako. Basi tafuta tochi.
3. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa 8 mchana. Mirungi ndiyo kabisa.
4. Ukikaa macho kitandani kama dakika 20, inuka. Kaa kwenye kiti gizani au penye mwanga hafifu, soma au vuta uradi, urudi usingizi ukija. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuhesabu madeni.
5. Joto likizidi, kama Dar au Mombasa mwezi wa Februari, oga maji ya kawaida kabla ya kulala na ulalie shuka jepesi la pamba.

Onyo: pombe inakuangusha usingizini haraka, kisha inakuamsha usiku wa manane, na usingizi unaobaki ni mwepesi. Onyo la pili: usinunue diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, dukani bila cheti cha daktari. Mwili unaizoea haraka, na kuiacha ghafla kuna hatari.

Hatua ya 4: Yape mawazo saa yake

Tenga dakika 20 za jioni, kabla ya chakula cha usiku. Kaa na daftari, chukua lile jambo moja kutoka fungu la pili. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika ninachoweza kufanya wiki hii, hata kidogo: kumpigia mwenye nyumba kuomba kulipa kwa awamu, kumtuma shangazi azungumze na ndugu mliyekosana. Upande mwingine andika yasiyo mikononi mwangu. Dakika 20 zikiisha, funga daftari. Wazo likija usiku, liambie lisubiri kesho jioni. Siku za kwanza halitakubali. Endelea.

Ukihisi kifua kinabana hapo hapo, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita au nane, taratibu, kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu hupunguza mapigo ya moyo.

Hatua ya 5: Rudi kwa watu, wa aina mbalimbali

Ungedhani anayekutana na watu wengi ndiye atakayeugua zaidi, maana virusi vinatoka kwa watu. Katika utafiti wa Pittsburgh wa 1997, wa wale watu 276, matokeo yalikwenda kinyume. Walihesabiwa aina za uhusiano walizonazo: mwenzi, wazazi, watoto, wakwe, majirani, marafiki, wafanyakazi wenzao, kikundi cha dini na kadhalika. Wenye aina 1 hadi 3 tu walikuwa na hatari ya mafua zaidi ya mara nne kuliko wenye aina 6 au zaidi.

Zingatia neno aina. Marafiki 15 wa kijiwe kimoja ni aina moja. Fungua daftari, hesabu zako. Kama hazifiki sita, ongeza moja mwezi huu: kikoba, kwaya, darsa la msikitini, timu ya mpira ya wazee, jirani ambaye mmekuwa mkipungiana mkono tu miaka yote. Wewe uliye mbali na kwenu, Muscat au Toronto, simu za nyumbani ni nzuri sana lakini zinaziba pengo moja tu. Tafuta na mtu wa hapo ulipo.

Angalizo: uhusiano unaokutesa usiuhesabu. Ugomvi usiokwisha ulikuwa miongoni mwa mambo mawili mazito kule hatua ya 2. Na ukiwa na mafua mwenyewe, kaa nyumbani au vaa barakoa. Salamu ya mbali haijamuua mtu.

Hatua ya 6: Tembea, au kaa kimya

Chagua kimoja, kile utakachoweza kukifanya. Mwaka 2012 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waligawa watu wa miaka 50 na kuendelea katika makundi matatu. Moja lilifundishwa kutafakari kwa utulivu kwa wiki 8, lingine mazoezi ya mwili, la tatu halikufundishwa kitu. Katika msimu wa mafua uliofuata, kundi la tatu lilikuwa na jumla ya siku 453 za kuugua, la kutafakari 257, la mazoezi 241. Marudio ya baadaye yenye watu wengi zaidi yalionyesha faida ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo usitarajie muujiza. Dakika 30 za kutembea kwa kasi, siku 5 kwa wiki, zinatosha.

Hatua ya 7: Usiache kinga za kawaida

Nawa mikono kwa sabuni. Fungua madirisha. Pata chanjo unazostahili, ikiwemo ya homa ya ini B. Usingizi unaingia hata hapa: mwaka 2002 watafiti wa Chicago waliwanyima vijana usingizi, saa 4 tu kwa usiku, kisha wakawachanja chanjo ya homa ya mafua. Siku 10 baadaye kingamwili zao, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, hazikufika nusu ya zile za waliolala kawaida. Kwa hiyo lala vizuri siku zinazozunguka chanjo. Lakini usiahirishe chanjo eti usingizi bado haujakaa sawa.

Kama unatumia ARV, nakuambia wewe peke yako: huzuni ndefu inafanya mtu aruke vidonge, na vidonge vikirukwa wingi wa virusi unapanda. Mweleze muuguzi wa CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, kuhusu roho yako kama unavyomweleza kuhusu tumbo. Na asitokee mtu, hata awe mtumishi wa Mungu, akakuambia ukipata amani ya moyo uache dawa.

Kosa moja ambalo lazima nilitaje

Mtu akiugua, usimwambie "ulijiletea kwa mawazo". Aliyekosa kazi hakujichagulia kukosa kazi. Maneno hayo yanamwongezea mzigo ule ule unaomshusha. Mpelekee uji.

Ukikwama

*Nimelala vizuri wiki tatu na bado nimepata mafua.* Mtu mzima kupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka ni kawaida, na ukiwa na watoto wa chekechea nyumbani tarajia zaidi. Unapunguza uwezekano tu, hakuna anayeufuta.

*Nafanya kazi usiku.* Walinzi, wauguzi, madereva: shikeni saa moja ya kulala mchana, chumba kiwe giza hata kwa kutundika khanga mbili dirishani, na familia iambiwe saa hizo hamsumbuliwi. Zamu zikibadilika kila wiki, omba angalau zikae wiki mbili mbili.

*Naamka saa 9 usiku moyo unadunda.* Usiangalie saa. Fanya ile pumzi ya hatua ya 4. Ikitokea karibu kila usiku, au mapigo yakienda kasi hata mchana, pima shinikizo la damu na tezi ya shingo kwanza.

*Daftari linanizidishia mawazo.* Acha kuandika ya rohoni. Andika saa za kulala na kuamka tu.

*Na vitamini C je?* Kwa watu wengi kuinywa kila siku hakuzuii mafua. Huyafupisha kidogo tu. Machungwa na mapera yanatosha.

*Virusi vimeondoka, roho haijarudi.* Njia hii ina pande mbili. Baada ya homa kali ya mafua au UVIKO-19 wengine hubaki na uchovu na huzuni kwa wiki kadhaa. Rudi kazini polepole, ongeza shughuli kidogo kidogo, na ukizidi mwezi mmoja hujapata nafuu mwone daktari.

*Wiki mbili sasa sina hamu ya chochote, sili, najiona sina thamani.* Hapo weka mwongozo huu pembeni. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au vyote viwili. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usingoje kesho, na usibaki peke yako: mwambie yule mtu wako mmoja akusindikize hospitali sasa hivi. Ukihitaji kuuliza kwa simu, Tanzania piga 199 ya Wizara ya Afya, Kenya piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, zote bila malipo.